Mdogo wangu alipigwa kituoni mpaka akasaini: ndo basi tena?

"Habari wakili. Mimi ni dada mkubwa, tunaishi Ilemi hapa Mbeya. Mdogo wangu ana miaka 23, anaendesha bodaboda, kijiwe chake Mafiati. Alhamisi iliyopita saa nne usiku walikuja watu watano, wawili tu ndo walikuwa na sare, wakamchukua bila kusema kosa. Tumezunguka vituo, kila kaunta wanasema hayupo. Jumatatu ndo tukaambiwa yupo, kesi ni unyang'anyi wa kutumia silaha, eti duka lilivamiwa Mwanjelwa na mwenye duka akakatwa panga. Nilivyomuona hawezi kukanyaga, anatembelea ubavu wa mguu, mikono imevimba. Anasema alipigwa nyayo mpaka akasaini karatasi ambayo hakusomewa. Kuna mtu pale katuambia tutafute laki nane atoke kwa dhamana kabla hajapelekwa mahakamani. Baba mdogo anasema kama hakuiba asingesaini, na tukilalamika watamuongezea. Keshokutwa wanasema anapelekwa mahakamani. Je akishasaini ndo imeisha? Tulipe? Tufanyaje?"

Dada yangu pole sana, poleni nyumbani wote. Najua unataka nianze na ile karatasi aliyosaini lakini karatasi itasubiri, leo hii ukimpelekea chakula kitu cha kwanza muulize mkojo wake una rangi gani.

Sikutanii. Mimi ni wakili sio daktari, hili nilifundishwa na daktari baada ya kukaribia kumpoteza mteja. Mtu akipigwa sana kwenye mapaja, makalio, nyayo, au akining'inizwa muda mrefu, misuli inapondeka ndani kwa ndani hata kama ngozi haijachanika, na ile misuli iliyopondeka inamwaga vitu kwenye damu ambavyo figo haziwezi kuvichuja vyote, zinaziba. Dalili yake ni mkojo kuwa kama chai ya rangi au Coca-Cola, unatoka kidogo au hautoki kabisa, anatapika, anakuwa mlegevu. Akikwambia hivyo usisubiri keshokutwa. Nenda kwa mkuu wa kituo muda huohuo, sema kwa upole lakini kwa sauti ambayo na wengine pale kaunta wataisikia: mdogo wangu anaumwa, mkojo wake umebadilika rangi, naomba apelekwe hospitali. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka askari ahakikishe mtu aliye chini ya ulinzi anapata matibabu akiyaomba au akionekana anayahitaji, sio hisani. Na nikuambie tu ukweli wa kituoni, hakuna mkuu wa kituo anayetaka maiti kwenye selo yake, kwa hiyo neno "figo" linafungua milango ambayo neno "haki" haliifungui.

Haya, sasa karatasi. Kwa unavyoeleza hayo yatakuwa maelezo ya onyo, yale mpelelezi anayoandika akishamwambia mtuhumiwa kwamba halazimiki kusema kitu na akisema kinaweza kutumika mahakamani. Baba mdogo anadhani saini ni mwisho wa kesi. Hapana. Kwa Sheria ya Ushahidi maelezo ya kukiri mbele ya polisi yanapokelewa tu kama yametolewa kwa hiari, na anayetakiwa kuthibitisha hiari ni upande wa mashtaka sio mdogo wako. Yeye hana kazi ya kuthibitisha kwamba alipigwa, wao ndo wana kazi ya kuthibitisha kwamba hakupigwa, na kuthibitisha bila kuacha shaka. Hata yakipokelewa, mahakama zetu tangu kesi ya Tuwamoi ya 1967, ile ya Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, zinasema mtu akikana maelezo yake hakimu awe mwangalifu, kwa kawaida atafute ushahidi mwingine wa kuyaunga mkono kabla ya kumtia mtu hatiani.

Kwa hiyo haijaisha. Ila usishangilie mapema, kwa sababu hayo yote yanafanya kazi pale tu mtu anapoyapinga kwa wakati wake na akiwa na kitu cha kuonyesha. Hapa ndipo vijana wetu wanapopotelea, wacha nikupe mfano.

Kuna kijana mmoja alikuwa anauza nyanya Ilula, kesi yake nilikabidhiwa akiwa ameshafungwa, tunakata rufaa. Ana makovu kwenye viwiko vyote viwili, ya kamba, ukiyashika unayasikia kwa kidole. Nikasoma mwenendo wa kesi ukurasa kwa ukurasa nikitafuta mahali aliposema alifungwa kamba. Hamna. Siku ya kwanza mahakamani imeandikwa mshtakiwa amekana kosa, basi. Siku ile maelezo yanatolewa kama kielelezo hakimu akamuuliza una pingamizi, na jibu lake lipo pale limeandikwa: "Sawa mheshimiwa." Alidhani anaulizwa kama amesikia. Baadaye kwenye utetezi ndo akaeleza yote, kamba, bomba, maji, na hukumu ikasema hayo ni mawazo ya baadaye, angekuwa amepigwa angesema mapema. Makovu anayo mkononi ila kwenye faili hayapo, na majaji wa rufaa wanasoma faili.

Ndo maana nakusisitizia keshokutwa. Mdogo wako akisimama mbele ya hakimu siku ya kwanza kabisa, baada ya kusomewa shtaka, anyooshe mkono aseme hivi: "Mheshimiwa, nilipigwa nikiwa polisi, nina majeraha miguuni na mikononi, naomba iandikwe na naomba nipelekwe hospitali." Basi. Asihutubie, asimtaje mama wala baba, aseme hayo na aonyeshe miguu. Hakimu akiandika, hiyo sentensi ina tarehe, na tarehe hiyo hakuna atakayeifuta. Mfundishe leo, arudie mbele yako mara tatu, kwa sababu mtu ambaye hajalala vizuri siku tano akifika pale kizimbani ulimi unakuwa mzito, na wale waliomleta wamekaa pembeni wanamtazama.

Na kabla ya hapo wanaweza kumpeleka kwa mlinzi wa amani, mara nyingi ni hakimu wa mahakama ya mwanzo, ili aandikwe maelezo ya ungamo. Halazimiki. Akifikishwa huko aseme sitaki kutoa maelezo, nilipigwa, aangaliwe mwili wake. Mlinzi wa amani kazi yake ni pamoja na kumuuliza kama ana majeraha na kama ametishwa, na akiandika kwamba kamuona amevimba, hapo amewasaidia kuliko wakili wa milioni mbili.

Baadaye sana, pengine miezi, kesi ikianza kusikilizwa, mpelelezi ataomba ile karatasi ipokelewe. Hapo sasa ndo dakika yenyewe. Akiulizwa una pingamizi ajibu ndiyo napinga, sikuyatoa kwa hiari, nilipigwa. Hilo likisemwa kesi kubwa inasimama, mahakama inafanya kwanza uchunguzi mdogo wa hiyohiyo karatasi, mashahidi wanakuja, na yeye anaeleza. Akilisema baada ya karatasi kupokelewa amechelewa. Na kama kweli hakusomewa, aseme na hilo pia.

Sasa swali la baba mdogo: kama hakuiba kwa nini alisaini. Wala simlaumu baba mdogo, karibu kila familia ina mtu wa kuuliza hivyo, na hata mahakimu wengine moyoni wanajiuliza. Jibu ni kwamba maumivu yanafupisha akili. Mtu mwenye akili timamu kwenye kiti anapima miaka thelathini jela, maana unyang'anyi wa kutumia silaha kifungo chake cha chini kabisa ni miaka 30. Lakini mtu anayepigwa nyayo hana miaka thelathini kichwani, ana dakika moja ijayo. Anaambiwa saini tupumzike. Anasaini ili bomba lishuke, anajiambia mahakamani nitaeleza ukweli. Ongezea kutolala, ongezea njaa, ongezea saruji ya selo kwenye baridi ya Mbeya, mtu mzima kabisa anakubali kitu hakijui.

Na kuna jambo moja baba mdogo ataliona geni. Maelezo ya kulazimishwa mara nyingi yanakuwa na undani kuliko ya kweli, kwa sababu undani unatoka kwa anayeuliza. Panga mlilitupa mtoni sio? Mlikuwa watatu sio? Yule mrefu ndo alishika hela? Kijana anaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo, na kwenye karatasi inasomeka kama hadithi kamili aliyoisimulia mwenyewe. Kwa hiyo mkipata nakala msiangalie ina undani kiasi gani, angalieni kama kuna kitu hata kimoja ambacho polisi walikuwa hawakijui kabla ya kumuuliza. Hapo nikuambie na upande wa pili, maana sitaki kukupa matumaini ya bure: kama kwa maneno yake mwenyewe aliwaongoza mpaka zikapatikana mali za yule mwenye duka, kesi inabadilika kabisa, sheria inaruhusu kutumia kile kilichowezesha mali kugunduliwa. Muulize hilo faragha, na wewe ukubali kulisikia jibu. Na kama walipekua chumba chake Ilemi, uliza nani alisaini hati ya kukamata mali, kuna jirani au mjumbe alikuwepo, au walisaini wenyewe kwa wenyewe.

Tukirudi kwenye muda. Watu wengi wanajua masaa 24 tu, na wanadhani yakipita mtuhumiwa anaachiwa. Haiko hivyo kwa makosa mazito. Sheria inasema mtu aliyekamatwa bila hati, kama haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya masaa 24, mkuu wa kituo ampe dhamana isipokuwa kosa likionekana ni zito, na akibaki ndani afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo. Hilo "mapema iwezekanavyo" ndo limegeuzwa godoro la kulalia. Siku saba kwa kosa lililotokea Mwanjelwa wakati mahakama ipo hapohapo mjini, mimi ningependa sana kusikia maelezo yake.

Lakini saa yenye meno zaidi ni nyingine, watu hawaijui. Polisi wana masaa manne tangu wamuweke mtu chini ya ulinzi kumhoji, na wanaweza kuongeza mpaka manane mengine kwa utaratibu unaoandikwa. Kuna muda hauhesabiwi, mfano wa safari au wa kumsubiri wakili au ndugu, na wapelelezi wanajua kuutumia huo muda kujitetea. Hata hivyo kama kakamatwa Alhamisi saa nne usiku na karatasi imeandikwa Jumamosi mchana, hapo kuna shimo. Maelezo yana sehemu ya muda wa kuanza na muda wa kumaliza. Ndo maana wewe na kila aliyekuwepo usiku ule mkae leo, kila mtu aandike kwenye daftari lake: walikuja saa ngapi, gari gani, nani alisema nini, vituo gani mlienda, saa ngapi, kaunta mliambiwa nini. Kila mtu aandike yake bila kuchungulia ya mwenzake. Mkitofautiana dakika kumi hamna shida, watu wa kweli wanatofautiana, wanaofanana neno kwa neno ndo hakimu anawatilia shaka.

Laki nane: msilipe. Na hapa sihubiri rushwa ni mbaya, naongea hesabu tu. Unyang'anyi wa kutumia silaha ni kati ya makosa yasiyo na dhamana, na kifungu cha sheria kinachokataza dhamana hiyo kinamfunga mkuu wa kituo pamoja na mahakama. Kwa hiyo anayewaambia laki nane anawadanganya kitu kimoja kati ya viwili, ama kosa sio hilo, na kama sio hilo dhamana ya polisi ni bure, ama kosa ni hilohilo na hana uwezo wa kumtoa. Hela itaenda na kijana atapelekwa mahakamani vilevile. Mkitaka kuripoti TAKUKURU wapo, ila mimi kwa wiki hii ningeweka nguvu kwenye mwili na faili.

PF3 nayo ina kichekesho chake, fomu ya majeraha inatolewa na polisi na waliojeruhi ni polisi. Iombe hata hivyo, na kama wakikataa andika nani kakataa na saa ngapi. Lakini msiamini kwamba bila PF3 hamna ushahidi. Akifika hospitali daktari anaandika kwenye faili la mgonjwa, na daktari anayeandika vizuri, urefu wa alama, ipo upande gani, rangi gani, mgonjwa anasema ilitokana na nini, huyo ni shahidi. Na akipelekwa rumande gerezani aonyeshe majeraha siku ya kupokelewa, magereza huwa wanakagua wanaoingia kwa sababu hawataki kubebeshwa kesi ya majeraha yaliyoanzia kwingine. Wakili anaweza baadaye kuomba kumbukumbu hizo ziletwe mahakamani. Ila haya yote yana mbio zake: kwenye ngozi nyeusi alama za damu iliyovilia hazionekani vizuri, uvimbe wa nyayo unashuka ndani ya siku chache, na ukishashuka mtu anatembea kama kawaida. Wiki tatu kutoka sasa mdogo wako atasimama mbele ya hakimu na miguu mizima.

Na tafadhali asiongeze chumvi. Kama hakupigwa shoti ya umeme asiseme alipigwa shoti. Uongo mmoja mdogo ukigundulika unakula ukweli wote.

Kuhusu kulalamika. Baba mdogo anaogopa na woga wake una mantiki, wakati kijana bado yupo mikononi mwao kelele zinaweza kumrudia. Nisingewashauri mwende redioni leo. Lakini kukaa kimya kabisa nako hakulindi, mtu anayejulikana anatafutwa na ndugu anaguswa kidogo kuliko asiyeulizwa. Kwa hiyo nenda kila siku, mpeleke chakula, salimia vizuri, uliza jina la mpelelezi, uandike. Akishahamishwa rumande, yaani ametoka mikononi mwao, hapo ndo barua iende kwa RPC, kamanda wa polisi wa mkoa, nakala Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Tume inachunguza na kutoa mapendekezo, haifungi mtu, hilo mlijue. Kuna watu watawaambia polisi hawashtakiwi nchi hii. Wanashtakiwa, kwa nadra. Mzee Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977 kwa sababu ya watu walioteswa na kufia mikononi mwa vyombo vya dola kule Mwanza na Shinyanga, yeye binafsi hakugusa mtu. Na hapa kwetu nyanda za juu, askari aliyemuua mwandishi Daudi Mwangosi pale Nyololo Septemba 2012 alihukumiwa miaka 15 mwaka 2016. Ni miaka minne hiyo, na kulikuwa na picha. Katiba yetu ibara ya 13 inakataza kutesa, lakini sheria zetu za adhabu hazina kosa linaloitwa utesaji na Tanzania haijaridhia ule mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1984 dhidi ya utesaji, kwa hiyo askari anashtakiwa kwa shambulio au kudhuru mwili kama walevi waliopigana kilabuni. Kudai fidia pia inawezekana, ila Serikali inapewa notisi ya siku 90 kwanza, na muda wa madai kama hayo ni miaka mitatu, kwa hiyo hilo sio la wiki hii wala mwezi huu.

La wiki hii ni wakili. Kwa kesi ya miaka thelathini usitegemee ushauri wangu huu wa maandishi, mimi sijaona hata karatasi moja. Mkiwa na uwezo mtafuteni wakili aende kituoni leo, kabla ya keshokutwa, mtuhumiwa ana haki ya kuonana na wakili na ndugu. Kama hamna uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo, watoa msaada wamesajiliwa, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii au mawakili wa chama chao hapa Mbeya, na mahakamani aombe mwenyewe kwa mdomo kwamba hana uwezo wa kuweka wakili. Wasaidizi wa kisheria wa mtaani watawasaidia kufuatilia ila hawawezi kumsimamia kizimbani. Na ikitokea keshokutwa ikapita hajapelekwa, au mkaambiwa tena hayupo, wakili aende Mahakama Kuu pale Mbeya kuomba amri ya kumfikisha mtu mahakamani. Ombi hilo likishapokelewa, mtu "asiyekuwepo" huwa anapatikana haraka sana.

Kitu cha mwisho, kwa sababu kesho utampelekea nguo safi za kuvaa mahakamani na mama atataka kuzifua zile alizokamatwa nazo. Zisifuliwe. Soksi hasa. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi, sio wa nailoni maana zitaoza, andika juu tarehe na jina la askari aliyekukabidhi, zifungie kabatini mpaka wakili azione.